Mpira wa Mchanga Mweusi

Mama mkwe wangu hakunipenda, na mimi, tuseme ukweli, sikuwa na haja ya kumbembeleza. Naanzia hapo ili mtu asije akadhani nilibaki naye katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, wakati wa vita kwa ajili ya moyo mzuri. Nilibaki kwa sababu mguu wake wa kulia ulikuwa unaburuta, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na mwanawe, ambaye ndiye mume wangu, alikuwa amekwenda Lulimba kuchimba dhahabu na barabara ikafungwa nyuma yake. Hapakuwa na mtu mwingine wa kubaki.

Kiharusi kilimkuta uani akianika muhogo. Maneno yalimrudia baada ya muda, tena makali kama zamani, lakini mkono haukurudi. Ulilala mapajani mwake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo. Jambo gumu zaidi lilikuwa kula. Mkono wa kushoto kwao haugusi chakula, na yeye alikuwa mtu wa heshima zake, mama wa kanisa, mwenye kitenge cha Jumapili kilichokunjwa chini ya mto. Nilimwambia, "Mama, kula na ya kushoto, hakuna mwenye anaona." Akanijibu, "Mi naona." Basi nikawa namega bugali, nachovya kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, namtia mdomoni. Kila tonge lilipokaribia alifumba macho asimwone anayemlisha.

Hatukuwa na mtoto nyumbani. Alikuwa amenisema kwa hilo mbele ya majirani tangu mwaka wa pili wa ndoa, na sasa majirani hawakuwapo tena wa kusikia. Habari za mauaji ya Makobola zilipotufikia, mji ulianza kumwagika. Watu walibeba magodoro hadi ufukweni, wakapanda mitumbwi na maboti kuelekea Tanzania. Askari wakaja wakauzuia ufuko wetu, asivuke mtu. Waliotaka kuvuka ikabidi waende hadi Swima, ambako maboti yalikuwa bado yanaondoka alfajiri. Mtaa wetu ukabaki na milango iliyofungwa kwa kamba na kuku wasio na mwenyewe. Sokoni walikuwa wanakaa akina mama wachache na mafungu ya ndagala, dagaa wa ziwani, na hakuna aliyepiga kelele za kuita wateja.

Niliona upweke. Nalisema wazi kwa sababu watu wakisimulia vita husimulia risasi, na mimi risasi nilizisikia kwa mbali tu, upande wa milimani. Nilichokuwa nacho kila siku ni upweke, tena ule mbaya, wa kukaa na mtu. Ningekuwa peke yangu kabisa ningeimba. Mbele yake nilinyamaza, naye alinyamaza mbele yangu, na siku ikaisha hivyo.

Sikutaka kufa Baraka. Nilitaka kuvuka, na nilikuwa nimekata shauri kwamba nitavuka naye, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwambia mume wangu siku moja kwamba nilimwacha mama yake kwenye mkeka. Kulikuwa na jirani mmoja, mwenye baiskeli, ambaye zamani alibeba magunia ya maharagwe na sasa alibeba watu hadi Swima. Alikubali kumchukua. Mimi ningetembea kwa miguu kando. Tulimpandisha kwenye keria, tukamfunga kwa kitenge kiunoni, kitenge kingine tukakizungusha hadi kwenye tandiko. Hatukufika hata mwisho wa mtaa. Baiskeli iliporuka jiwe la kwanza, mwili wake ukateleza upande wa kulia, upande usioshika kitu, ukavuta baiskeli yote ikaanguka. Yule jirani aliamka akijipangusa vumbi, akanitazama kwa huruma.

"Mama, muntu haiko muzigo," aliniambia. "Gunia naweza kufunga. Muntu lazima ashike yeye mwenyewe, mikono yote mbili. Siku atashika, muniite."

Tukamrudisha ndani. Hakulalamika. Aliomba maji tu, akageukia ukutani.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyenipa njia, siku ile ile aliyokuwa anafunga virago vyake. Alivishika vidole vya mama mkwe, akavikunja kimoja kimoja, akavisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Akasema nguvu bado imo ndani, ila imesahau. "Mumupatie kitu ya kufinya," alisema. "Kwanza laini, laini kabisa. Kisha ngumu, lakini kidogo kidogo. Ukimurukisha, atakata tamaa." Kesho yake hata yeye alikuwa hayupo.

Kusema ni rahisi. Nilifunga matambara yakawa mpira. Ulikuwa laini, aliufinya kidogo kwa kidole gumba, basi, siku zote ulibaki laini ule ule na haukumfundisha kitu. Nikakata tairi, likawa gumu, akaliacha lianguke. Nikajaza vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli kwenye soksi. Navyo vilikuwa vigumu mno. Kati ya tambara na tairi sikuwa na kitu, na ngazi aliyoisema muuguzi ilihitaji vidaraja vingi katikati.

Nyuma ya nyumba moja ya zamani za Wabelgiji kulikuwa na mti wa mpira, mkubwa, ulioachwa tu kwa kivuli. Ukiuchanja kwa kisu unatoa maziwa meupe. Nilikuwa napita pale kwenda kuchota maji, na siku moja nikakinga maziwa yale kwenye kopo. Nilijua tangu utoto kwamba ukiyatia ndimu yanaganda. Yaliganda, nikapata donge laini, jema, lakini lilinata vidoleni kama ulimbo wa kunasia ndege, na mama mkwe alinirudishia akisema hataki kushika makamasi. Nikajaribu kulipaka majivu, likanata vilevile. Mara hiyo nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, mti, vita, na hasa mume wangu. Na kitu cha mume wangu kilichokuwa karibu kilikuwa kopo lake la mchanga mweusi.

Lazima nieleze kopo hilo. Wachimbaji wa Lulimba wakisha kuosha udongo kwenye beseni, chini hubaki dhahabu pamoja na mchanga mweusi, mzito, wenye chuma. Hapo huchukua sumaku, aghalabu ile ya duara inayotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, huifunga kitambaa na kuipitisha juu. Mchanga mweusi huruka wote ukashika kitambaani, dhahabu ikabaki. Kisha huutupa. Mume wangu hakuutupa. Aliamini kwamba dhahabu ndogo, ya unga, hujificha humo, na safari moja alituletea kopo zima na sumaku yake juu, akaapa kwamba mtu asiliguse hadi atakaporudi kulichambua. Nilifagia pembeni yake mwaka mzima. Sasa nikalikamata, nikaumwaga mchanga wake katika maziwa mabichi ya mti, nikakoroga kwa kijiti. Nikasema kwa sauti, "Kama dhahabu imo, mama yako ataifinya."

Kopo la maziwa nililiweka dirishani ligande, na sumaku ilikuwa pale pale dirishani, ndiyo nilikuwa nabandikia sindano zangu. Nililitua juu yake bila kufikiri. Niliporudi, maziwa yalikuwa yanaanza kushikana na mchanga haukuwa umetuama chini kama nilivyotazamia. Ulikuwa umesimama. Punje zilijipanga juu ya punje, mistari mistari, wima, kama miche kwenye shamba la mtu mwangalifu, na mpira ukaganda ukiwa umezishika hivyo hivyo.

Donge hilo halikunata sana, mchanga ulilikausha. Nikalitoa koponi nikalifinya, laini. Nikaliweka juu ya sumaku ili niviondoe vyote dirishani, na vidole vyangu vikaniambia kitu. Likiwa juu ya sumaku lilikuwa halifinyiki vile. Halikuwa jiwe, wala sitaki kulitia chumvi. Lilikaza tu, kama msuli wa mtu anayejua unataka kumsukuma. Nikalitoa juu ya sumaku, likalegea. Nikalirudisha, likakaza. Nilisimama dirishani nikilitoa na kulirudisha, nikicheka peke yangu katika nyumba ile, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilikuwa nimecheka lini.

Sina elimu ya mambo hayo. Nilielewa kwa njia yangu kwamba sumaku ikikaribia, punje zile huvutana, na mpira uliozishika hauna budi kukaza nazo. Ikienda mbali, zinaachiana. Kwa hiyo ugumu ulikuwa mkononi mwangu. Nilikunja kanga kuukuu mikunjo mingi, nikaiweka kati ya sumaku na donge. Mikunjo mingi, donge laini. Nikipunguza mkunjo mmoja, linakaza kidogo sana, kiasi ambacho mtu hakisikii. Vidaraja vya ngazi nikawa nimevipata.

Mama mkwe aliliangalia donge, kisha akanitazama mimi.

"Iko nini hii?"

"Iko mupira, mama. Na muchanga ya Lulimba, ile mutoto yako alileta."

"Mbona inafuata ile chuma? Mupira haifuataki chuma. Weye unaniletea dawa."

"Haiko dawa."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilikasirika tu."

Jibu hilo sijui lilimwingia vipi, lakini alinyoosha mkono wa kushoto, akaushika ule wa kulia, akauweka mwenyewe juu ya donge. Akasali kwanza, kwa kirefu, isije ikawa dawa kweli. Kisha akajaribu. Kidole cha shahada kilitikisika. Vingine vilikaa. Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, akakunja uso, lakini pembeni mwa mdomo niliona kitu kama tabasamu, upande ule uliokuwa mzima.

Hivyo tukaanza. Asubuhi na jioni nilikaa mbele yake na sumaku kwenye stuli, kanga juu ya sumaku, donge juu ya kanga, mkono wake juu ya donge. Hatukuzungumza sana. Nilihesabu kufinya kwa kuguna tu. Aliposhika vizuri kwa kiwango fulani, nilifungua mkunjo mmoja wa kanga bila kumwambia. Kuna siku alishtukia, akasema, "Leo ameamuka na kiburi," akimaanisha donge. Akawa analiongelesha. Nilikuwa uani nikichambua sombe, nikamsikia ndani akiliambia donge mambo ambayo mimi hakuwahi kuniambia: kwamba alipokuwa msichana huko milimani Fizi alikuwa akibeba kuni zaidi ya dada zake, kwamba mume wake alikufa mapema mno, kwamba anaogopa. Niliona wivu. Mtu mzima, namwonea wivu donge la mpira. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sikuingia ndani hadi aliponyamaza.

Kutoka Lulimba hakuna aliyetuletea habari. Waliopita kutoka upande ule walisema mashimo yalichukuliwa na wenye bunduki, na wachimbaji wakatawanyika. Tulimsikiliza kila mpita njia, sisi wawili, yeye kwenye mkeka na mimi mlangoni, na mpita njia akishaondoka hatukulizungumza jambo hilo. Nilijua anamsubiri mwanawe. Nilifikiri anajua kwamba mimi pia.

Donge lilizeeka. Jua lilililainisha, jasho likalichubua, nikatengeneza jingine, mchanga wa kopo ukazidi kupungua. Mkono ukaendelea. Kwanza ulishika donge, kisha kikombe kitupu, kisha pembe ya mkeka. Naye akaanza kuomba mambo ya ajabu. Akataka jiko lisogezwe karibu na mahali anapolala. Akataka mtungi wa maji utuliwe chini, usiwekwe juu ya meza. Akaniuliza chumvi naiweka wapi, na unga. Nilidhani ni uzee, nikafanya yote kwa kunung'unika. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye chuma cha tandiko la baiskeli. Nilikuwa namkadiria: akiweza kulifinya donge sumaku ikiwa imebaki na mkunjo mmoja tu wa kanga, basi anaweza kushika chuma kile hadi Swima.

Asubuhi moja nikaiondoa kanga yote. Donge lilikaa juu ya sumaku tupu, gumu kuliko lilivyowahi kuwa. Alilizungushia vidole vitano, akalifinya hadi nikaona mishipa ya mkono inatoka. Hakuliachia hadi nilipomwomba. Nilitoka mbio, bila viatu, kwenda kumwita mwenye baiskeli.

Alikuja kesho yake kulipokucha. Milimani kulikuwa kumeanza kelele tena, karibu kuliko siku zote, na alisema kwamba boti litakaloondoka Swima huenda likawa la mwisho kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefunga nguo zetu, kitenge chake cha Jumapili nimekiweka juu. Nilimwinua, nikamwegemeza begani, tukaenda hatua zake fupi hadi mlangoni. Baiskeli ilikuwa imesimama pale nje, jirani ameshika usukani kwa mikono miwili.

Hapo mlangoni akanyoosha mkono wa kulia, akashika mwimo wa mlango.

Nilidhani anajisaidia kuvuka kizingiti. Nikamvuta taratibu. Hakuja. Nikamvuta kwa nguvu, nikasikia mlango wote unalia, lakini vidole havikuteleza. Nikaanza kumfungua, kidole kidogo kwanza. Nikikifungua hiki, kile nilichokifungua kinarudi. Nilivijua vidole vile kuliko vyangu, najua kipi kilianza na kipi kilichelewa, na hakuna hata kimoja kilichonihurumia.

"Mama, tunaachwa!"

"Haiko tunaachwa," alisema. "Weye enda."

"Bila weye?"

"Mi naweza kushika mwiko sasa. Naweza kuchota maji, mutungi iko chini. Naweza kula mwenyewe, sihitaji muntu. Ulifikiri nilikuwa nafinya ile kitu asubuhi na magaribi sababu ya baiskeli?" Alikuwa anahema. "Nilikuwa nafinya ili uende. Weye ungali kijana. Mutoto yangu hatarudi, mi najua, mama yake najua. Enda ng'ambo upate bwana mwingine, uzae. Mi nilikufunga hapa inatosha."

Siku zote zile sikuwahi kumsikia akisema mwanawe hatarudi. Jirani alikohoa, akatazama juu ya paa, kisha akatazama njia. Mizinga ililia tena. Aliniuliza kwa upole, "Mama, inakuwa je?"

Nikautua mzigo wa nguo chini. Nikamwambia aende, awahi, abebe mwingine. Aliniangalia kidogo, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa, akapanda baiskeli yake, akapinda kwenye kona ya mtaa na hatukumwona tena.

Mama mkwe alipoona kona imebaki tupu, mkono wake ukaachia mwimo wenyewe. Akakaa pale kwenye kizingiti akalia. Hakikuwa kilio cha kunionea huruma au cha kunishukuru. Alilia kwa hasira, akinipiga pajani kwa ngumi ya mkono ule wa kulia, ngumi iliyofungwa vizuri, iliyouma.

"Umeharibisha kazi yangu," alisema. "Kazi yangu yote. Umeharibisha."

Nilimwacha anipige hadi alipochoka. Nami nilikuwa nalia, kwa sababu mtaa ule mzima ulikuwa mtupu, na boti lilikuwa linaondoka, na mtu pekee duniani aliyenitakia niende mahali pema alikuwa yeye. Kisha nikafuta uso kwa kitenge chake cha Jumapili, kilichokuwa juu ya mzigo, naye akaniona na hakunikaripia.

"Basi shika huo mwiko," nikamwambia. "Mi niko na njaa."

Alisonga bugali mwenyewe, ameketi chini, amelibana sufuria kwa miguu, na mimi sikumsaidia. Ulikuwa na madonge na upande mmoja uliungua. Alinimegea tonge la kwanza, akalinyoosha kwangu kwa mkono wa kulia, nikafungua mdomo nikala.